Paul Ehrlich na dawa inayojua inakokwenda

Wakati wa kiangazi, katika vijiji vingi vya mkoa wa Singida, watu huzunguka porini wakitafuta matone ya gundi yaliyoganda kwenye magome ya migunga. Gundi hiyo huchumwa kwa mkono, hupimwa kwa kilo na kuuzwa kwa wanunuzi. Gundi ya aina hii hutumika katika viwanda vya vinywaji, peremende na dawa. Wengi wanaoichuma hawajawahi kuambiwa ina kazi gani huko inakokwenda.

Katika miaka ya karibuni wanasayansi wameipa kazi nyingine. Wanaitumia, pamoja na wanga, selulosi na pektini za mimea, kutengenezea chembe ndogo mno zinazobeba dawa mwilini na kuiachia kidogo kidogo mahali inapohitajika. Chembe hizo huitwa chembe za nano.

Teknolojia hiyo ni mpya, lakini wazo lake ni la zamani. Linatokana na daktari wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1915, Paul Ehrlich. Tunasimulia maisha yake katika makala hii kwa sababu mawili: swali lililomsumbua maisha yake yote bado halijajibiwa kikamilifu, na sehemu kubwa ya utafiti wake ilihusu vimelea vya jamii inayosababisha malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambaye wafugaji na warina asali wa Itigi, Manyoni na mapori ya Rungwa wanamfahamu vizuri.

Kijana aliyependa rangi

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, eneo la Silesia, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo uko Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Mama yake alikuwa na mpwa aliyeitwa Karl Weigert, mtaalamu wa magonjwa, na ndiye aliyemwonyesha kijana Ehrlich jambo lililobadili maisha yake: ukiweka rangi za viwandani kwenye kipande cha nyama ya mwili na kukitazama kwa darubini, baadhi ya sehemu hushika rangi na nyingine hukataa.

Miaka hiyo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi nyingi za nguo kutokana na lami ya makaa ya mawe. Ehrlich, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alizichukua rangi hizo na kuzijaribu kwenye seli. Kemia alijifunza zaidi kwa bidii yake mwenyewe. Mwaka 1878 alipata shahada ya udaktari huko Leipzig kwa andiko lililohusu namna rangi zinavyoshika kwenye seli za mwili.

Wenzake waliona rangi kama njia tu ya kuona vizuri kwenye darubini. Ehrlich aliuliza jambo jingine. Ikiwa rangi inaweza kupita kwenye seli elfu moja bila kuzigusa, kisha ikang'ang'ania seli ya aina moja tu, je, haiwezekani kupata kitu kinachoshika kidudu cha ugonjwa na kukiua, kikiacha mwili wa mgonjwa salama? Baadaye wazo hilo alilipa jina la risasi ya ajabu, yaani risasi inayompata adui tu hata kama amesimama katikati ya umati.

Mwaka 1885 aliandika jambo jingine ambalo umuhimu wake ulionekana baadaye. Alipowadunga wanyama rangi fulani, viungo vyote vya mwili vilishika rangi isipokuwa ubongo. Ehrlich alidhani ubongo hauvutiwi na rangi hizo. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann ndiye aliyeonyesha, karibu miaka 30 baadaye, kwamba kuna kizuizi kati ya damu na ubongo. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu mgonjwa wa malale hufa au hupona kwenye kizuizi hicho.

Kifua kikuu, Misri na malaria

Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu. Ehrlich alikuwa akisikiliza. Kwa muda mfupi alitengeneza njia bora zaidi ya kuwatia rangi bakteria hao ili waonekane, na njia zinazotumika hadi leo kwenye maabara za kupima makohozi zina asili yake katika kazi hiyo.

Mwaka 1883 alimwoa Hedwig Pinkus, wakapata mabinti wawili. Miaka michache baadaye alianza kukohoa, akapima makohozi yake kwa njia yake mwenyewe na kuwakuta bakteria wa kifua kikuu. Hapakuwa na dawa. Mwaka 1888 yeye na mkewe walisafiri kwenda Misri kutafuta hewa kavu na jua, na mwaka uliofuata akarudi Ujerumani akiwa amepata nafuu.

Mwaka 1891 alifanya jaribio linalotuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba rangi ya buluu iitwayo methilini bluu huwashika vimelea vya malaria. Pamoja na Paul Guttmann, aliwapa rangi hiyo wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin, na wote wawili wakapona. Hadi wakati huo dawa ya malaria ilikuwa kwinini, inayotoka kwenye magome ya mti. Sasa dawa iliyotengenezwa na binadamu kutoka mwanzo hadi mwisho ilikuwa imemtibu mtu. Kwinini ilikuwa na nguvu zaidi, hivyo rangi haikuchukua nafasi yake, lakini Ehrlich alikwishapata uthibitisho kwamba wazo lake si ndoto.

Miaka iliyofuata alifanya kazi katika taasisi ya Koch, akamsaidia Emil von Behring kuifanya dawa ya dondakoo iwe na kipimo kinachoaminika, kisha akapewa taasisi yake mwenyewe, kwanza karibu na Berlin na kuanzia 1899 mjini Frankfurt. Huko alifafanua nadharia kwamba seli zina vipokezi, na kwamba sumu au dawa haifanyi kazi mpaka ishike kwenye kipokezi kinachoifaa. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ilya Mechnikov kwa kazi zao juu ya kinga ya mwili.

Malale na macho ya watu wa Sese

Kati ya mwaka 1900 na 1920 malale iliua watu zaidi ya 250,000 nchini Uganda, hasa kando ya Ziwa Victoria. Ugonjwa huo husababishwa na kimelea kiitwacho tripanosoma. Kwanza kimelea huishi kwenye damu, kisha huingia kwenye ubongo, na hapo mgonjwa huanza kuchanganyikiwa, kusinzia mchana na hatimaye kufa.

Ehrlich alikuwa akifanyia utafiti vimelea vya jamii hiyo mjini Frankfurt. Mwaka 1904, akiwa na Mjapani Kiyoshi Shiga, aligundua rangi nyekundu iliyoponya panya wenye tripanosoma. Akaiita tripani nyekundu. Kwa wanyama wakubwa na binadamu haikufaa.

Dawa nyingine ilikuwa atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki, sumu inayojulikana tangu zamani. Jina lake lilimaanisha dawa isiyo na sumu. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alikaa kwenye visiwa vya Sese vya Ziwa Victoria akiwatibu wagonjwa wa malale zaidi ya elfu moja kwa atoksili. Mwanzoni wengi walipata nafuu, kisha vimelea vikarudi. Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakawa vipofu, na hawakuona tena.

Tunapaswa kulitazama tukio hilo bila kulipamba. Chini ya utawala wa kikoloni mgonjwa hakuwa na nafasi kubwa ya kuuliza alichokuwa akidungwa, wala ya kukataa. Aseniki ileile iliyoua vimelea iliharibu mishipa ya macho, kwa sababu haikuwa na namna ya kutofautisha kimoja na kingine. Kuongeza kipimo kulimaanisha kuongeza yote mawili, tiba na madhara.

Kwa Ehrlich hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe. Akiwa na mwanakemia Alfred Bertheim alichunguza muundo halisi wa atoksili, akakuta kwamba watu walikuwa wameuelewa vibaya. Muundo ulipojulikana, iliwezekana kuubadilisha sehemu hii na ile. Timu yake ilianza kutengeneza dawa moja baada ya nyingine, kila moja ikipewa namba na kujaribiwa kwa wanyama. Ehrlich alipima vitu viwili kwa kila dawa: kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua. Kadiri viwango hivyo viwili vilivyoachana, ndivyo dawa ilivyofaa.

Dawa namba 418 ilionekana nzuri kwa wanyama, ikapelekwa kujaribiwa kwa wagonjwa wa malale katika makoloni ya Ujerumani, yakiwemo Togo na Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika ya baadaye. Haikuwa salama vya kutosha, ikaachwa.

Namba 606

Dawa namba 606 ilitengenezwa mwaka 1907 na kuwekwa kando, ikidhaniwa haina maana. Mwaka 1909 alifika Frankfurt mtafiti kutoka Japani, Sahachiro Hata, mwenye ujuzi wa kuwaambukiza sungura kaswende. Ehrlich alimwomba ajaribu upya dawa zote. Namba 606 iliponya sungura.

Aprili 1910 matokeo yalitangazwa mbele ya madaktari mjini Wiesbaden. Kabla ya dawa kuuzwa, Ehrlich aligawa dozi takriban 65,000 bure kwa madaktari ili wampe taarifa za matokeo na madhara. Mwishoni mwa mwaka huo ikaingia sokoni kwa jina la Salvarsan. Kaswende, iliyokuwa ikiua na kupotosha akili za watu kwa karne nyingi, ikawa na dawa ya kwanza yenye nguvu ya kweli. Miaka hiyohiyo reli ya kati ilikuwa ikijengwa kupita Manyoni na Itigi kuelekea Tabora.

Lakini Salvarsan ilimfundisha Ehrlich kwamba kupata dawa ni nusu ya kazi. Unga wake wa manjano uliharibika ukiguswa na hewa, hivyo ulifungwa kwenye vichupa vya kioo visivyo na oksijeni. Daktari alitakiwa kuuyeyusha kwa utaratibu mgumu kisha kuudunga mara moja. Sindano iliuma sana. Dawa ikivuja nje ya mshipa, nyama ya mkono ilioza. Baadhi ya wagonjwa walikufa, wengine kwa dawa yenyewe na wengine kwa makosa ya kuiandaa. Mwaka 1912 Ehrlich alitoa aina nyingine, Neosalvarsan, iliyoyeyuka kwa urahisi zaidi ingawa nguvu yake ilikuwa ndogo kidogo.

Wengine walimshambulia. Mchapishaji wa gazeti mjini Frankfurt, Karl Wassmann, alidai kwamba makahaba walikuwa wakilazimishwa kutibiwa kwa dawa hiyo hospitalini. Kesi ilisikilizwa mwaka 1914, Ehrlich akaitwa kutoa ushahidi. Mchapishaji alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Kwa wakati huo Ehrlich alikuwa amechoka. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, asiyekula vizuri, aliyeishi katikati ya marundo ya vitabu na karatasi. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915 huko Bad Homburg, akiwa na umri wa miaka 61.

Utawala wa Hitler ulipoingia, jina lake liliondolewa kwenye mtaa wa Frankfurt kwa sababu alikuwa Myahudi, na mjane wake Hedwig akalazimika kuikimbia nchi. Baada ya vita heshima yake ilirudishwa, na mwaka 1990 picha yake ikawekwa kwenye noti ya mark 200 ya Ujerumani.

Chombo cha kubebea dawa

Ehrlich alijaribu kuibadilisha dawa yenyewe ili ijue inakokwenda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, kundi la watafiti mjini Zurich likiongozwa na Peter Speiser lilichukua wazo la Ehrlich na kuligeuza: acha dawa ilivyo, itengenezee chombo cha kuibeba. Hapo ndipo chembe za nano zilipoanza kutengenezwa kwa ajili ya tiba.

Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe nyingi za kubebea dawa zina upana wa nanomita 100 hadi 200, kwa hiyo hupita kwenye mishipa midogo kabisa ya damu bila kuiziba.

Ukuta wa chembe hizo mara nyingi hutengenezwa kwa polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli zinazojirudia. Mimea imejaa polima. Wanga wa muhogo ni polima, selulosi ya pamba ni polima, na gundi ya mgunga pia ni polima, iliyoundwa kwa sukari mbalimbali pamoja na protini kidogo. Sehemu ya sukari hupenda maji na sehemu ya protini hushika mafuta. Ndiyo maana dawa isiyoyeyuka kwenye maji inaweza kuvunjwavunjwa kuwa matone madogo sana, kisha gundi ikayazunguka na kuyazuia yasiungane tena.

Namna ya kuiachia dawa hutegemea ukuta huo. Ukuta unaovimba polepole huachia dawa polepole, hivyo damu haipati kiasi kikubwa kwa mpigo kisha kikapungua ghafla. Pektini, kwa mfano, haimeng'enywi na tumbo la binadamu bali huvunjwa na bakteria wa utumbo mpana. Dawa iliyofunikwa kwa pektini inaweza kupita tumboni na kufunguka huko chini. Pektini hupatikana kwenye maganda ya machungwa, na pia kwenye vichwa vya alizeti, vile ambavyo baada ya kupura hubaki shambani au hulishwa mifugo.

Hapa nyumbani kazi hii ina watu wake. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza nchini Afrika Kusini timu iliyoweka dawa za kifua kikuu ndani ya chembe za polima, kwa lengo la kumpunguzia mgonjwa mzigo wa kumeza dawa kila siku kwa miezi mingi. Baadaye alikuja kufanya kazi katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela mjini Arusha. Ehrlich, aliyewahi kuwakuta bakteria hao kwenye makohozi yake mwenyewe, angeielewa kazi hiyo mara moja.

Gundi ya asili ina ugumu wake. Haifanani kutoka mti hadi mti wala kutoka msimu hadi msimu, na ikianikwa chini hubeba udongo na vijidudu. Viwango vya kimataifa vinaitambua kama gamu arabiki ile tu inayotoka kwenye aina mbili za migunga, na kwa kiwanda cha dawa gundi iliyochanganywa na ya miti mingine haina thamani hiyo. Kutenganisha gundi kwa aina ya mti, kuondoa magome na kuianika juu ya kitu safi ni kazi ndogo, nayo ndiyo inayoamua kama gundi ya Singida inaweza kutumika kwenye dawa au la.

Deni la malale

Turudi kwenye malale. Kutokana na rangi za Ehrlich wanakemia wa Ujerumani walipata suramini, dawa ambayo ilianza kutumika miaka ya 1920. Suramini hufanya kazi kimelea kikiwa bado kwenye damu. Kikishaingia kwenye ubongo haifai, kwa sababu haivuki kile kizuizi ambacho rangi za Ehrlich zilishindwa kuvuka mwaka 1885.

Kwa hatua hiyo, kwa miongo mingi, dawa ilikuwa melasoprol, iliyopatikana mwaka 1949. Nayo ina aseniki ndani yake. Huunguza mishipa inapodungwa, na katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa, takriban watano waliuawa na dawa yenyewe. Kwa malale ya aina inayopatikana Tanzania, Malawi, Zambia na sehemu ya Uganda, madaktari waliendelea kuitumia hadi miaka hii kwa kukosa nyingine. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hiyo pia, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Vidonge hivyo ni lazima vimezwe pamoja na chakula, la sivyo dawa ya kutosha haifiki kwenye damu. Bado njia ya dawa ina uzito uleule kama dawa yenyewe.

Chembe za nano zinazotokana na mimea hazijawa dawa iliyoidhinishwa ya malale. Watafiti wanatafuta namna ya kuzivusha kwenye kizuizi cha ubongo, na majaribio mengi yangali kwenye maabara na kwa wanyama. Itakapofika zamu ya kuzijaribu kwa binadamu, tunapaswa kuwakumbuka watu 22 wa Sese, ambao walipewa dawa iliyoitwa isiyo na sumu na hawakuulizwa.

Kwa sasa, msomaji wetu anayeingia porini kurina asali, kuchunga au kuchuma gundi na akaumwa na mbung'o, asipuuze homa, maumivu ya kichwa au kidonda mahali alipoumwa. Malale ya aina ya kwetu huweza kuua ndani ya miezi michache. Aende kituo cha afya mapema na amwambie mhudumu kwamba alikuwa porini, ili damu yake ipimwe kwa darubini. Kimelea kikikutwa bado kwenye damu, tiba huwa rahisi zaidi kuliko kikishafika kwenye ubongo.